Vumbi la Jumatano

Kielea cha mkuu wa soko kiliingia kinywani mwa Mlamba saa moja na dakika nne asubuhi, kikiwa chekundu kwa vumbi kuanzia puani hadi mkiani. Mlango ukajifunga nyuma yake. Kutoka kwenye kuta zikachomoza ndimi, milioni tatu kwa hesabu ya kiwandani, kila moja nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, zikaanza kukilamba: juu, ubavuni, chini ya tumbo, katikati ya viti, ndani ya matundu ya skrubu ambayo hata fundi aliyekiunda hakumbuki kama yapo. Hakuna hata tone la maji lililotumika. Baada ya dakika mbili na nusu kikatokea upande wa pili kinang'aa, na mkuu wa soko akaenda zake bila kugeuka nyuma, maana watu walikwisha kuzoea.

Hiyo ni Dodoma ya mwaka 2084, jiji la watu milioni tisa lenye maji ya watu milioni mbili. Vielea, yaani yale magari yasiyo na magurudumu yanayokwenda shubiri moja juu ya ardhi, vilikuwa vimeondoa moshi na kelele, lakini vilipuliza vumbi kama vinalipwa kwa kazi hiyo. Kila kaya ilipewa ndoo mbili za maji ya mgao kwa ajili ya usafi, Jumatano kwa Jumatano, na mtu mwenye akili timamu hakuzimwagia gari. Ndipo Mhandisi Salome Chiwanga alipobuni Mlamba. Ndani ya miaka sita Milamba ilikuwa imesimama kila mtaa wa jiji na kila lango la mji nchini, na Salome akawa mtu anayesalimiwa na watu asiowajua.

Lakini kulamba ilikuwa nusu tu ya kazi. Chini ya sakafu ya kila Mlamba kulikuwa na msoma-vumbi. Huyu alipokea kila chembe iliyolambwa, akaipima, akainusa kwa namna yake, na ndani ya dakika moja akajua gari limetoka wapi, limepita chini ya mti gani, nani alikaa kiti kipi na alikuwa anatafuna nini. Wahandisi waliita taarifa hiyo ungamo. Mwanzo maungamo yalisaidia mabwana shamba kufuatilia wadudu wa mazao. Baadaye polisi wakayataka, kisha watu wa bima, na mwishowe ikaanzishwa huduma ya Nitafutie. Ukipotelewa na ndugu, unapeleka unywele wake au nguo aliyoivaa, na Milamba yote ya nchi inaanza kumtafuta katika vumbi la magari. Wazee waliopotea kwa kusahau njia walirudishwa nyumbani, na watoto pia. Salome alibandika barua za shukrani kwenye ukuta wa ofisi yake.

Kulikuwa na sheria moja aliyoiandika mwenyewe, na aliionea fahari kuliko ndimi zote. Akipatikana mtu, jina lake na mahali alipo huonyeshwa kwa mwombaji peke yake. Mwenye gari haoni. Mhandisi haoni. Hata Salome, mama wa mashine, haoni. Alisema siri za watu si mchezo.

Katika mtaa alioishi Salome kila mtu alikuwa na namna yake ya kulitunza gari. Jirani wa kushoto, Mama Zawena, alilipeleka kwa Mlamba mara tatu kwa siku, hata akitoka kununua chumvi. Mzee Sarungi, hakimu mstaafu, hakuliosha kabisa. Alilifunika shuka jeupe kama maiti na kulitoa mara moja kwa mwezi, likirudi analipangusa kwa manyoya ya mbuni huku akilisemesha. Daktari wa meno wa nyumba ya kona alisafisha kioo cha mbele na pua tu, akidai kwamba wanaomtazama akiwa anaondoka hawamhusu. Watu walicheka, wakapita.

Aliyezungumzwa kwa sauti ya chini alikuwa Lameck Mhando, mwalimu wa jiografia. Huyu alikuwa mume wa Salome, mume wa mashine yenyewe kama wasemavyo, na kielea chake alikiosha kwa mkono.

Kila Jumatano alirudi saa kumi na moja jioni. Kabla hajaingia ndani, kabla hajamsalimu mtu, alivua shati, akachukua ndoo zote mbili za mgao na kitambaa cha pamba. Alianza na kiti cha mbele cha kushoto. Alikifuta mara tatu, akapitisha kitambaa kwenye mishono, akalowesha, akakamua, akarudia. Kisha mkanda, kisha zulia, kisha nje. Mwisho alimwaga maji machafu kwenye shina la mkomamanga. Jumatano hizo alikwenda kulala hajaoga, kwa kuwa maji yote yalikuwa yamekwisha.

Salome alimtazama kupitia dirisha la jikoni na moyo ukamchoma. Tuseme wazi, alikuwa na wivu. Kwanza alikionea wivu kile kielea, chuma kikuukuu cha miaka ishirini kisicho hata na kumbukumbu ya njia. Mkono ule uliopita taratibu kwenye kiti ulikuwa haujapita shingoni mwake tangu mwezi wa tatu. Alijiona mjinga, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye shahada tatu, anayeshindana na kiti. Kisha wivu ukapata akili, ukahama kwenye kiti na kumhamia mtu anayekikalia.

Aliwahi kumuuliza, bila ukali. "Baba Tumsifu, mashine iko mita mia mbili kutoka hapa. Nimeitengeneza mimi. Unajua watu wanasemaje?"

"Najua, mama. Ni mashine nzuri," Lameck alijibu. "Mimi napenda tu kushika kitambaa."

Jibu hilo lilimkera kwa wiki mbili. Lameck hakuwahi kupenda kushika kitambaa. Sahani alizoosha yeye zilirudiwa na binti yao Tumsifu kabla hajaenda shule ya bweni. Na kuna jambo lingine Salome alilolikumbuka usiku huo, likamkosesha usingizi. Mwezi wa nne, wakiwa wanakula, Lameck aliuliza kama kwa mzaha iwapo msoma-vumbi anaweza kuambiwa aliruke gari moja. Salome alicheka. Alimweleza kwamba akiruka moja tu, mashine nzima haina maana, na vumbi likishasomwa halisahauliki. Akamuuliza anaficha nini. Lameck akasema hafichi kitu, akajiongezea mchicha.

Kwa hiyo alikuwa anajua. Katika mtaa ule mumewe ndiye aliyejua kuliko wote Mlamba unaweza kusema nini, na ndiye aliyeukimbia kila Jumatano. Salome hakuhitaji shahada ya nne.

Mambo ya nyumbani kwao hayakuwa mepesi mwaka huo. Mwishoni mwa mwezi wa pili, Veneranda, au Vena kama walivyomwita, mke wa Jothamu, mdogo wake Salome, alikuwa ameondoka bila kuaga. Alikwenda kazini asubuhi na hakurudi. Ukoo ulikutana Kongwa kwa mama. Wajomba walisema aibu hii haijawahi kuwafika, na kwamba bahati nzuri dada mkubwa ana mashine. Jothamu alikuja ofisini kwa Salome na kitana cha mkewe, akalia mpaka akalowesha tai. Salome alimjazia fomu ya Nitafutie kwa mkono wake, akamrusha foleni ya miezi mitano kwa haki yake ya utumishi, akamwambia vumilia, atapatikana. Miezi ilipita, Vena hakuonekana. Milamba yote ya Tanzania ilimtafuta, ikawa kama mwanamke yule hajapanda gari lolote.

Jumatano ya pili ya mwezi wa nane, bomba la mgao lilitoa upepo mtupu. Salome alikuwa ameondoka kazini mapema, makusudi, na alikuwa dirishani. Alimwona Lameck akifika, akichukua ndoo, akifungua bomba, akilipiga bomba kofi. Alimwona akikitazama kielea kwa wasiwasi, kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Kisha akabeba ndoo mbili tupu na kuelekea nyumba ya tatu, kwa Mzee Sarungi, ambaye hakuoshea chochote maji yake na kwa hiyo alikuwa nayo siku zote. Mzee Sarungi hatoi ndoo ya maji bila kwanza kukusimulia kesi moja. Salome alijua ana robo saa.

Kadi ya kuwashia ilikuwa kwenye kiti. Aliingia, akaketi, na mara akasikia harufu ambayo si ya nyumbani kwao. Alifika kwa Mlamba, akasukuma kielea ndani, akasimama nje ya kioo kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Ndimi zikatoka, zikaanza kazi, na kwa mara ya kwanza tangu aziumbe hakuzitazama kwa fahari.

Ungamo likajiandika kwenye kioo. Udongo mwekundu wa Hombolo. Unga wa salfa wa kupulizia mizabibu. Makombo ya maandazi. Mafuta ya nywele ya mnyonyo. Nywele sita za mwanamke, kiti cha mbele kushoto, tano kati ya hizo ndani kabisa ya mishono, za nyakati tofauti. Chumvi ya machozi kwenye egemeo la mkono.

Alilisoma mara mbili. Uchungu aliousikia ulikuwa na utamu ndani yake, ule utamu wa kuwa umedhani na ikathibitika. Maandazi, eti. Kwake Lameck hula mihogo bila kulalamika. Na machozi ya nini, kama si ya kuagana? Alimwona mwanamke huyo kabisa, mwembamba, kijana, ananukia mnyonyo, anaegemeza kichwa pale.

Chini ya ungamo kulikuwa na mstari mwingine. Nywele zimelingana na ombi lililopo. Jina na mahali vimepelekwa kwa mwombaji.

Salome alicheka kwa sauti. Kumbe mwanamke ana mwenyewe, na mwenyewe anamtafuta. Kuna mwanamume mwingine huko mjini, mwenye uchungu kama wake, ambaye dakika hii hii simu yake imelia. Alimpenda mtu huyo bila kumjua. Akajiambia na aende, amkute, amwaibishe mbele ya watu, na yeye Salome awepo aone kwa macho yake. Hakurudi nyumbani. Aligeuza kielea akashika barabara ya Hombolo, na Lameck alipompigia simu mara ya kwanza, ya pili na ya saba, hakupokea.

Jua lilikuwa halijazama alipofika mashamba ya zabibu. Langoni paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba gari lililotoka kwa Mlamba haliruhusiwi kupita. Alikuwa amesahau. Wakulima wa zabibu waliwahi kuleta malalamiko ofisini kwake kwamba ndimi huchukua ukungu wa shamba moja na kuupaka gari la shamba jingine, na yeye aliwajibu kwa barua ya kurasa nne kuwa wanakosea. Wao wakaendelea kuosha kwa mkono. Pembeni mwa lango wanawake kama kumi waliovaa buti walikuwa wanaosha malori ya mavuno kwa maji ya bwawa, wakipokezana mapipa.

Msimamizi wao, mama mnene mwenye kofia ya majani, alikitambua kielea kabla Salome hajashuka. Salome alisema anamtafuta yule mwanamke anayetembelewa na Mwalimu Lameck. Alilisema hilo kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia ni mbaya. Yule mama alimtazama kuanzia viatu, akamwonyesha lori la mwisho.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa ndani ya lori anafuta kiti cha dereva. Alikipangusa mara tatu, akapitisha kitambaa kwenye mishono, akalowesha, akakamua kwa mkono mmoja juu ya goti, kwa sababu mkono wa kushoto haukunyooka kwenye kiwiko. Aligeuka. Alikuwa Vena.

Mtu mwenye akili ya kuhesabu ndimi milioni tatu alikuwa ameshindwa kuhesabu mwezi mmoja. Vena aliondoka mwishoni mwa mwezi wa pili, na Lameck alianza kuosha kwa mkono mwezi wa tatu.

"Shikamoo, wifi," Vena alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba," Salome akajikuta ameitika.

Walisimama. Salome alikuwa na maneno tele aliyoyapanga njia nzima na hakuna hata moja lililomfaa mtu huyu. Aliutazama ule mkono. Krismasi iliyopita aliambiwa Vena ameteleza bafuni. Alimpelekea machungwa hospitali, akamkuta amejifunga mtandio mpaka kidevuni kwenye joto la mwezi wa kumi na mbili, akamshauri anunue mkeka wa mpira wa kuweka bafuni. Aliuona mtandio na hakutaka kuufikiria. Jothamu alikuwa kijana wa kwaya, mpole, wa mwisho kwa mama.

Vena hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anatazama kielea. Alishuka, akakisogelea, akapitisha kidole kwenye bawaba za mlango, akakiangalia kile kidole. Kilikuwa safi.

"Shemeji huacha mchanga hapa kila mara," alisema. "Nimemfundisha kuosha kila kitu, hapa tu amenishinda. Nani ameliosha leo, wifi?"

Salome alimwambia.

"Lini?"

"Kama saa nzima iliyopita."

Vena akaning'iniza kitambaa kwenye kioo cha lori na kufungua aproni. Hakulia wala hakuuliza kwa nini. Simu ya Salome ikatoa mlio, na zamu hii haikuwa ya Lameck. Jothamu alikuwa ameandika kwamba Mungu ni mkubwa, mashine ya dada imempata Vena, yuko njiani kumchukua, asante dada, asante sana. Salome alimwonyesha Vena ujumbe ule kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ndipo alipoelewa vizuri alichokifanya. Yule mwanamume mwenye uchungu aliyempenda bila kumjua alikuwa mdogo wake. Yeye ndiye aliyemjazia fomu, yeye ndiye aliyemrusha foleni, yeye ndiye aliyeandika sheria ya kumficha jina, na leo yeye ndiye aliyelisukuma gari kinywani mwa Mlamba. Kama majina yangekuwa wazi angeliona jina la wifi yake pale pale mtaani na angeweza kusimama akafikiri.

Vena aliingia shambani, akarudi na mfuko mmoja wa nguo. Yule mama msimamizi hakuhitaji kuelezwa sana. Alikuwa ameshamwambia dereva wa lori la kwanza awashe. Salome akasema kwa haraka ampeleke yeye, kielea kina kasi kuliko lori, ampeleke popote atakapo, Singida, Bukoba, hata nje ya nchi.

"Kwenye gari lako nitaacha nywele, wifi," Vena alisema.

Alichukua mfuko mtupu wa salfa, akaukung'uta, akauvaa kichwani na kuukaza kwa kamba mpaka hakuna unywele ulioonekana. Akapanda nyuma, katikati ya kreti za zabibu, wakamfunika turubai. Salome aliuliza wanakwenda wapi. Hakuna aliyemjibu, na alijua ni haki yao.

Jothamu alifika dakika kumi na tano baadaye. Kielea chake kiling'aa hata kuumiza macho. Alikuwa amepitia kwa Mlamba njiani, maana alisema mtu haendi kumchukua mkewe na gari chafu. Alikuwa na doti ya kitenge kipya mkononi, kimefungwa utepe. Alipomwona dada yake alifurahi kwa dhati, akamkumbatia, akasema hakutegemea angejisumbua kuja mwenyewe.

"Yuko wapi, dada?"

"Ameondoka."

"Na nani?"

"Sijui, Jothamu. Liondoe lile ombi. Mwache."

Jothamu alitabasamu. Alimshika mkono juu kidogo ya kiwiko, kama mtu anayemtuliza mkubwa wake, na akaendelea kuushika huku akizungumza. "Amekujaza maneno. Si neno. Popote atakapopanda gari, ungamo litaniambia, mashine yako haichoki. Mimi nampenda, dada. Ningemtafuta hivi kama simpendi?"

Vidole vilikuwa vinaingia nyamani. Salome alisubiri viachie, havikuachia. Ganzi ilishuka mpaka kwenye kucha, na alipoutazama uso wa mdogo wake akaona kwamba hajui kabisa kuwa anabana. Hilo lilimtisha kuliko kama angemkuta amekasirika. Alijichomoa kwa nguvu. Jothamu akaushangaa mkono wake mwenyewe kidogo, kisha akaweka kitenge kwenye kiti, vizuri, kisikunjamane, akaondoka kwenda kuwauliza wanawake wa mapipani, ambao wote walikuwa hawajamwona mtu.

Njia nzima ya kurudi Salome alijaribu kulifunga lile ombi kwa funguo zake za ofisini. Mfumo ulimkatalia kwa adabu. Ombi la Nitafutie hufungwa na mwombaji peke yake. Alikuwa ameliandika hivyo ili mtu mwenye cheo asije akamzuia maskini kumpata mtoto wake. Alijaribu kwa jina la mhandisi mkuu, akajaribu kwa jina la dharura. Mashine ilikuwa imejengwa vizuri mno.

Lameck alikuwa amesimama getini. Ndoo mbili za Mzee Sarungi zilikuwa miguuni pake, zimejaa, hazijaguswa. Alikitazama kielea kikiingia kinang'aa, na uso wake ukaanguka, na Salome akajua hana haja ya kumsimulia mwanzo wa habari. Alimsimulia mwisho. Alisema Vena amefanikiwa kuondoka, kwa lori, hajui wapi, na kwamba Jothamu alifika akamkosa.

Lameck alikaa kwenye ukingo wa baraza. Kisha akamweleza, polepole, kwamba Vena alimjia shuleni siku aliyotoroka, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa ukoo ule ambaye angeweza kumwendea. Alimtafutia kazi Hombolo kwa rafiki yake wa chuo. Kila Jumatano alimpeleka zahanati kunyooshwa mkono, na njia nzima ya kurudi Vena alilia kwa maumivu. Ndugu zake wa Karagwe walikuwa wamempatia mahali ng'ambo ya mpaka, ambako Milamba haijafika. Zilikuwa zimebaki wiki mbili avuke.

"Ungeniambia," Salome alisema.

"Nilitaka. Nilikuuliza mezani kama mashine inaweza kuruka gari moja. Uliponijibu nikaona nikikuambia nitakuwa nakutaka uchague kati yangu na mdogo wako na kazi yako, kwa siku moja." Alizitazama zile ndoo. "Niliona niwe naosha tu."

Salome alitaka kumwambia kuhusu kiti, na shingo, na usiku aliokesha, lakini yote yalionekana madogo. Mkono ulikuwa unamuuma pale juu ya kiwiko.

"Mama Tumsifu," Lameck alisema, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Miezi yote hii uliniona naosha. Ungeniuliza mara ya pili, ungenifuata, ungenitukana hata. Kwa nini uliliosha?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa limekaa mdomoni tangu kwenye kioo cha Mlamba: kwa sababu nakupenda. Alifungua kinywa alitamke, akasikia lilivyotamkwa Hombolo saa moja iliyopita, kwa sauti ya kwaya ya Jothamu, na vidole vikiwa vimemkaba mkono.

Akafunga kinywa. Akaushika mkono wake pale palipokuwa panauma.